Gari Langu Halikohoi

Jumapili, 3 Novemba

Nimetukanwa mezani kwangu, kwa chakula nilichonunua mimi. Mama mkwe ametangaza kwamba Jumamosi atakwenda kwenye mahafali ya binti yangu, chuoni kule mlimani, kwa gari la shemeji. Binti yangu mimi. Nikauliza langu lina kasoro gani. Akasema linakohoa mlimani, na yeye ana kifua tayari, vifua viwili safari moja ni vingi.

Shemeji, kaka yake mke wangu, alikuwa akitafuna polepole kama mtu asiyehusika. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio unaonichoma, kwamba tatizo ni filta ya hewa tu. Aliwahi kuiona. Imekuwa kama zulia la mlangoni. Nibadilishe, basi.

Wakacheka wote. Mke wangu alijificha nyuma ya jagi la maji, lakini jagi ni la kioo.

Kubadilisha tu ni kazi ya watu wasiofikiri. Mimi nitachagua.

Jumatatu, 4 Novemba

Dukani kwa vipuri. Muuzaji alinipangia filta kwenye kaunta. Ya karatasi: inachuja vizuri, ikichafuka unatupa. Ya pamba iliyopakwa mafuta: injini inapumua kwa wepesi, unaiosha na kuipaka tena mafuta yake, ila ukizidisha mafuta, yanaruka mpaka kwenye sensa, kile kifaa kinachopima hewa ya injini, na gari linaanza kukwamakwama. Ya nyuzi kavu: haitaki mafuta, unaipuliza vumbi tu. Ya sponji: kwa wanaokimbiza magari matopeni.

Nikamuuliza ipi ni bora. Akasema inategemea.

Inategemea! Maisha yangu yote nimepigana na neno hili. Nimelipinga magazetini, nimelipinga kwenye mikutano ya wazazi, niliwahi kulipinga msibani. Anayesema inategemea hana msimamo, ana kaunta tu. Nikamweleza hivyo, kwa mifano. Nilikuwa nimefika kwa wanafalsafa wa kale aliponiuliza, mzee, unanunua au unahutubia, maana nyuma yako kuna foleni. Nikageuka. Foleni ilikuwepo kweli, na haikuwa upande wangu.

Nimetoka mikono mitupu, lakini na heshima yangu.

Jumanne, 5 Novemba

Nimepata mbinu. Gari langu na la shemeji ni aina moja, tofauti ni rangi. Lake linapanda mlima wa chuoni huku yeye anapiga mluzi. Basi nijue anatumia filta gani, kisha nitumie iliyo bora kuliko hiyo. Ndivyo sayansi inavyoendeshwa.

Nikaenda kumsalimia asubuhi. Mkewe akasema yuko bafuni. Nikasema nitamsubiri uani. Nikafungua boneti, nikafungua kasha la filta, nikachungulia.

Karatasi. Karatasi ya kawaida kabisa, nyeupe, nadhifu, kama yeye. Mtu ambaye hajawahi kushindana na yeyote kwa hoja anaendesha gari linalopumua kupitia karatasi, halafu anisomeshe mimi. Kwa hiyo karatasi imejiondoa yenyewe. Siwezi kutumia filta moja na yule.

Shemeji akatokea na taulo kiunoni na povu masikioni. Akaniuliza, shemeji, unatafuta nini humo. Nikasema nimesikia paka analia ndani ya injini. Akaamini. Alikaa na taulo lake akiita paka chini ya gari, akiwa na kisosi cha maziwa, mpaka povu likamkauka. Nilimwonea huruma, lakini si sana.

Jumatano, 6 Novemba

Nimenunua ya pamba. Nyekundu, imara, filta yenye hoja. Muuzaji akasema ni mpya, imeshapakwa mafuta kiwandani, niifunge tu. Tu tena. Nani alimwona huyo mtu wa kiwandani akipaka? Alinawa mikono? Mimi siamini kazi nisiyoishuhudia.

Kwa hiyo nimeiosha. Kwa sabuni, mara mbili, kwenye beseni, hadi mafuta ya kiwandani yakaisha yote. Maelekezo yanasema isikaushwe juani wala kwa upepo wa mashine, iachwe kivulini ikauke yenyewe. Nimeiweka dirishani jikoni.

Mimi si mzembe. Nimefikiria kwamba mpira wa hewa, ule unaotoka kwenye kasha la filta kwenda kwenye injini, utabaki mdomo wazi na vumbi litaingia. Nikachukua kitambaa kwenye kamba ya nguo, nikakisokomeza ndani, nikafunga kasha. Nani mwingine mtaani hapa angefikiria hilo?

Jioni mke wangu aliuliza nani kachukua kitambaa chake cha jikoni, chenye maua ya njano. Nikafungua gazeti. Mtu ana mambo makubwa kichwani, anaulizwa kitambaa.

Alhamisi, 7 Novemba

Filta haijakauka. Mama mkwe aliiona dirishani, akaipiga kucha, akauliza kama ni mkate wa aina mpya.

Binti amepiga simu. Amesema wanaanza saa nne kamili, na kila mhitimu anapanda jukwaani na mzazi mmoja. Amenichagua mimi. Mimi, si mama yake. Nikamwomba arudie. Kisha akaharibu: akanisihi, baba, nakuomba, usichelewe, njoo tu kwa gari la mjomba. Kwa sauti ya kubembeleza, kama anayemwambia mtoto aende chooni kabla ya safari.

Hata yeye!

Nikaona sasa ni suala la jina langu. Lazima mama mkwe apande gari langu, mbele, kioo kikiwa kimeshushwa, watu waone. Mama mkwe na paka hawapikiki chungu kimoja. Kwa hiyo wakati wa chai nikasema, kwa huzuni, kwamba gari la shemeji limeingiwa na paka, yuko ndani ya injini, na juzi tu nilimkuta maskini akimwita kwa maziwa. Akampigia simu mke wa shemeji kuhakikisha. Huyo akathibitisha maziwa, akathibitisha na taulo.

Mama mkwe atakwenda na mimi. Nimelala usingizi wa mshindi.

Ijumaa, 8 Novemba

Imekauka. Maelekezo yanasema mafuta yapitishwe mstari mwembamba kwenye kila mkunjo, kisha usubiri yaenee. Mstari mwembamba! Ndiyo inategemea ileile, imevaa nguo nyingine. Kama mafuta kidogo yanazuia vumbi, mengi yatalizuia zaidi, na kinyume chake nataka kuona mtu akinithibitishia. Nimemwaga chupa yote. Ikapendeza, ikawa inang'aa na kudondoka.

Nimeifunga kwa mikono yangu mwenyewe. Nikawasha. Sauti imekuwa nzito, ya chini, kama ya mwenyekiti aliyeshiba. Nilipolizungusha mtaani lilikuwa zito kidogo kuondoka. Nimeelewa: linajifunza kupumua.

Mke wangu ameulizia tena kitambaa. Nikamwambia kwamba kesho binti yetu anahitimu na yeye anawaza matambara. Akaniangalia kwa muda. Ana namna ya kuangalia.

Jumamosi, 9 Novemba

Nitaandika kwa ufupi kwa sababu nina hasira.

Tuliondoka mapema. Mama mkwe mbele, kioo kimeshushwa. Mke wangu nyuma. Tambarare ilikwenda vizuri, ingawa baiskeli mbili zilitupita. Tulipoanza mlima gari likakohoa. Mama mkwe akakohoa pia, kwa makusudi, naamini. Kwenye kona ya kwanza likatetemeka, likapiga chafya, likazima. Nikaliwasha, likazima. Nikalisemesha, halikujibu.

Shemeji akatokea nyuma yetu, akipiga mluzi. Akasimama. Mama mkwe akamuuliza kama paka ameshatoka. Akauliza paka yupi, mbona hakuwepo paka yeyote. Wote wawili wakageuza shingo kunitazama mimi. Mama mkwe akachukua mkoba wake, akasema afadhali huyo paka angekuwepo, akahamia gari la shemeji.

Mke wangu akahamia kule pia. Shemeji akanifungulia mlango, akasema, panda shemeji, nafasi ipo, muda unakwenda. Nikakataa. Mtu haiachi hoja yake barabarani. Wakaondoka.

Nikabaki na hoja yangu. Ilikuwa kimya. Kisha nikapanda mlima kwa miguu, kwa suti, kwa viatu vipya, huku nikikimbia pale ambapo hakuna aliyeniona.

Nilipoingia ukumbini binti yangu alikuwa anashuka jukwaani. Aliyemshika mkono alikuwa mjomba wake. Mahali pangu. Alinyooka vizuri, mshenzi yule, na tai yake haikupinda.

Binti akaniona mlangoni. Akaja mbio na joho lake. Nilikuwa nimeandaa maneno makali juu ya watengenezaji wa filta. Akasema, baba, una mafuta shavuni, akayafuta kwa mkono wa joho. Akasema alijua ningekuja, hakujua tu ni saa ngapi. Nikapangusa macho. Kuna vumbi sana mlimani kule.

Jumapili, 10 Novemba

Shemeji amelivuta gari mpaka uani. Akafungua kasha mbele ya familia nzima, bila kuombwa. Akatoa filta yangu kwa vidole viwili, ikidondoka. Akapiga jicho ndani ya mpira wa hewa, akaingiza mkono, akaanza kuvuta. Akavuta polepole, kama wale wa mazingaombwe. Maua ya njano yakatoka, moja baada ya jingine.

Mke wangu alikichukua kitambaa, akakitazama, akanitazama, akakiweka juu ya boneti, akaingia ndani. Mama mkwe alicheka mpaka akashikiliwa.

Shemeji akafuta sensa, akaweka filta ya karatasi aliyokuwa nayo ya akiba. Gari linakwenda. Wanasema hata halikohoi. Wanaridhika na hilo, hawana haja ya kufikiri zaidi.

Mimi nilibaki uani, nikakichunguza kitambaa. Upande mmoja mweusi, umejaa mafuta na vumbi la mlima mzima. Upande wa pili, uliotazama injini, mweupe kabisa. Hata chembe haikupita. Nioneshwe filta moja kwenye kaunta ile inayoweza kusema hivyo. Pamba tupu, inafuliwa, inaanikwa, haina kiwanda nyuma yake. Kilichoniangusha si kitambaa. Ni ile filta nyekundu iliyoingilia kazi yake.

Bado inahitaji majaribio kwenye gari jingine, la aina ileile, ili mtu asije akasema inategemea. Kesho asubuhi nitapita kumsalimia shemeji wakati anaoga. Kwenye kamba ya nguo kuna kitambaa cha pili, chenye mistari ya bluu, na mke wangu hajaanza kukiulizia.

Nikikutwa, nitasema paka amerudi.