Karatasi na Chupa Zipatanishwe, Mke Wangu Arudi

Kiyeyi, Tororo

Kwako Daktari Metrine Taaka, Mkuu wa Utafiti wa Rubela,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, maana mimi nina njaa.

Mwezi uliopita watu wako walikuja kulinganisha njia mbili za kutafuta kingamwili za rubela katika damu ya watoto: tone la kidole kwenye karatasi, na damu ya mkono kwenye chupa. Binti yangu Aanyu, wa miaka sita, alikuwa ametoka vipele. Karatasi ikasema hana kingamwili. Chupa ikasema anazo tele, yaani rubela ilimpata. Nalalamika hivi:

1. Mke wangu Proscovia ni mjamzito, na nesi alimwambia rubela humdhuru mtoto wa tumboni. Aliposikia majibu mawili, alifunga mizigo akaenda kwa mama yake Masafu. Alisema, "Hivyo vipimo vikikubaliana, nitarudi." Namhofia sana, yeye na mtoto.

2. Ninajipikia. Ugali wa posho wa jana uliungua juu, chini ukabaki mbichi. Utafiti wako ueleze na hilo.

3. Kanisa limegawanyika. Soprano wanaunga mkono karatasi, besi wanaunga mkono chupa, na Jumapili hawakumaliza wimbo hata mmoja. Mchungaji aliviombea vipimo vyote bila upendeleo.

4. Kwa hiyo naomba mashine zote mbili, ya karatasi na ya chupa, ziletwe hapa, zikalishwe benchi moja mbele ya wazee wa ukoo, kila moja ijieleze. Itakayoshindwa iombe radhi na ilete jogoo. Zikikaidi, tupimwe kijiji kizima, pamoja na wewe Daktari, na jogoo mwenyewe.

Nisalimie watu wako wote, hasa yule dada mwenye mkono mwepesi, na mlinzi wenu wa getini.

Ni mimi, mpenda ukweli,
Phillip Obore

Nyongeza: Alipochomwa kidole, Aanyu alikimbilia shamba la mihogo. Niliona aibu wageni waondoke na chupa tupu, kwa hiyo nikamvika Amongin gauni la Aanyu, akatoa mkono. Amongin ni mtoto wa kaka yangu, alikuja kututembelea siku ile tu. Kwetu mtoto wa kaka ni mtoto wangu, hivyo niliposema "binti yangu" sikudanganya. Lakini sasa naona karatasi pekee ndiyo ya Aanyu, na Proscovia amekaa Masafu wiki tatu bure. Tafadhali mwambie wewe, Daktari. Mimi namwogopa.