Kiti cha Babu Kinawindwa

Jumanne, 5 Machi

Kuna njama. Ushahidi sina, lakini ipo.

Babu alifafanua maandiko yetu ya Kihindu katika ukumbi wa hekalu kila Jumapili hadi alipofariki. Baba akakirithi kiti. Baada ya Baba nikakaa mimi, mwenye duka la miwani. Hakuna aliyewahi kulalamika! Waliosinzia walisinzia kwa heshima.

Sasa kazuka huyu daktari wa meno. Mwanamke kijana, kasoma, ana darasa lake Alhamisi jioni katika chumba cha juu. Anadai mababu waliacha mambo mengi bila kuyahoji. Ameanza na fundisho ninalolipenda kuliko yote: mtu atende wajibu wake bila kutamani matunda yake. Eti tangu zamani wanaokula matunda wamelitumia kuwanyamazisha wanaolima. Kufuru! Leo asubuhi tu nimelitumia mwenyewe, fundi wangu wa lenzi alipoomba likizo. Alinyamaza vizuri kabisa.

Kamati ya hekalu imeamua Jumapili tufanye mdahalo, mimi na yeye. Mshindi ndiye atakayekalia kiti. Mwenyekiti alikuwa akitabasamu aliponiambia. Atabasamu kwa nini?

Jumatano, 6 Machi

Kuhani kaja dukani. Anasema mdahalo utafuata desturi ya wanazuoni wa kale. Kabla ya kumpinga mwenzako, lazima uieleze hoja yake vizuri mpaka mwenyewe akubali kwa kichwa kwamba ndivyo asemavyo. Ukishindwa hilo, huna ruhusa ya kumjibu.

Nimeshangilia. Ningefanyaje? Mtetezi wa mambo ya kale hawezi kukataa jambo la kale. Lakini kuhani alikuwa anaangalia fremu za ukutani muda wote. Hana hata haja ya miwani! Nimemwandika kwenye kundi la washukiwa.

Tabu ni kwamba hoja za daktari sizijui sawasawa. Sijawahi kumsikiliza; nilikuwa na kazi ya kumpinga. Nikionekana mlangoni kwake nimekwisha. Nimemtuma shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Akae nyuma, masikio wazi, mdomo kaufunga. Shemeji ni mtu mpole, huja kunisikiliza kila Jumapili na hajawahi kuuliza swali. Jasusi safi.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji kanipa ripoti. Kaeleza hoja zote za daktari, moja baada ya nyingine, na uso unamng'aa. Ameeleza vizuri mno! Tangu lini huyu anaeleza vizuri?

Halafu eti daktari ameniulizia hali. Eti amemsifu Babu mbele ya darasa zima. Mtu amsifu adui yake bure bure? Nimembana shemeji aseme kapewa nini huko juu. Amesema glasi ya maji. Maji! Ndivyo wanavyoanza.

Mke wangu akasema niende nikamwone daktari. Nikamwuliza, daktari yupi, wa meno? Akazima taa na kugeukia ukutani.

Jumapili, 10 Machi

Sitaki kuandika. Naandika hivyo hivyo.

Ukumbi ulifurika. Nikaanza mimi. Nikaeleza hoja ya daktari kama shemeji alivyonilisha, na kwa mfano wa nyongeza nikataja ile likizo ya fundi. Akakubali papo hapo. Rahisi hivyo? Jasho likaanza kunitoka. Nikampinga kwa sauti ya juu, sikumbuki nilisema nini, nilikuwa namwangalia mwenyekiti.

Ikafika zamu yake kueleza hoja yangu. Mungu wangu! Akasema fundisho hili mtu hujiambia mwenyewe, hamwambii mwenzake. Kwamba humwondolea mtendaji hofu ya kushindwa, mikono ikatulia, kazi ikafanyika kwa moyo mweupe. Nikamwona Baba mbele yangu, amekaa kwenye kile kiti, anafuta miwani yake. Kichwa changu kilishaanza kuinama kukubali.

Hapo ndipo nikazinduka. Mtego! Anataka nikubali, kisha anibwage! Nikaruka juu. Nikasema maneno hayo ni upuuzi mtupu. Nikasema hakuna binadamu anayefanya jambo bila kutaka chake, na anayejidai hivyo ni mnafiki, hata awe nani. Nilisema vizuri! Sijawahi kusema vizuri hivyo maisha yangu yote.

Kuhani akanisogelea na kuninong'oneza kwamba maneno ya daktari, yale niliyoyaita upuuzi, yalikuwa ya Babu. Neno kwa neno. Daktari aliyasikiliza kwenye kanda za hekalu.

Aliyepiga makofi ni mmoja tu, fundi wangu. Akauliza kwa sauti kama sasa likizo ipo.

Daktari akatangazwa mshindi, na kiti akakikataa. Eti darasa lake la Alhamisi linamtosha. Kamati ikatafuta mtu aliyesikiliza pande zote mbili. Ukumbi mzima alikuwepo mmoja. Shemeji! Niliyemtuma mwenyewe kwa mdomo wangu!

Nimelia bafuni, maji yakiwa wazi wasinisikie.

Jumapili, 17 Machi

Shemeji kafundisha leo. Sikwenda. Nimepita tu nje ya dirisha, mara kadhaa.

Jioni akaja nyumbani. Akaniambia, shemeji, kile kiti ni chako, kichukue. Ameshazungumza na kamati, wamekubali, daktari naye kakubali. Linalosubiriwa ni neno langu tu.

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Karibu nimkumbatie! Kisha akili ikarudi. Nikamwuliza anataka nini. Akasema hataki kitu. Nikamwuliza tena, taratibu, nikimtazama machoni. Hataki kitu. Mke wangu akanisihi niitikie tu, neno moja, yaishe.

Mtu mzima akupe kiti cha heshima, asitake chochote? Hebu! Nimekataa. Nimemwambia akae nacho mpaka kimwotee mizizi. Ameondoka kanyong'onyea, na mke wangu kamsindikiza mpaka sasa hajarudi.

Kiti kimekwenda. Lakini leo, hapa nyumbani kwangu, hakuna aliyefaulu kunidanganya.