Mtu wa Wyoming

Ilitangazwa rasmi, kwa tarumbeta na juisi ya tufaha, kwamba wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Chuo cha Pellworth, huko Vermont, safari hii wangekuwa Marekani nzima ndani ya ukumbi mmoja: kila jimbo, kila kipaji, kila aina ya binadamu. Pellworth ni chuo kidogo kinachofundisha elimu zote ila ile ya kutafuta kazi, kwa hiyo suala la nani ameingia hupewa uzito wake. Mpiga zumari alipatikana. Mfuga nyuki alipatikana. Golikipa wa mguu wa kushoto alipatikana.

Mtu wa Wyoming, hola.

"Bi Marjorie," Dakta Prescott Lathrop, Mkuu wa Chuo, alimwambia mkuu wake wa udahili, "majimbo yote nimeshayatangaza. Nitafutie Wyoming kabla ya sherehe, la sivyo utakwenda kusimamia maegesho ya magari."

Marjorie aliyajua maegesho yale. Januari theluji hufika kiunoni. Akampigia simu Darla Stubbe, binti wa mfuga ng'ombe, ambaye chuo kilimkataa mwezi Machi kwa masikitiko makubwa ya kawaida.

"Si mlisema nafasi zimejaa?" Darla aliuliza. Nyuma yake ng'ombe alilia.

"Zimejaa, ila yako ipo."

"Kwani nimeongezeka akili tangu Machi?"

"Hapana, mwanangu. Wyoming ndiyo imeadimika."

"Na ada?"

"Juu yetu."

"Haya mama, ngoja ninawe mikono."

Sherehe ikaendeshwa kwa desturi ya Pellworth: Mkuu anataja sifa, mwenye nayo anasimama, ukumbi unapiga makofi. Akasimama mfuga nyuki. Akasimama binti aliyevuka Delaware kwa baiskeli ya gurudumu moja. Jimbo lenyewe kiganja, lakini makofi ni makofi.

"Na Wyoming!" Mkuu alitamka, utadhani kaliumba yeye. Darla akasimama. Madirisha yakatetemeka kwa makofi. "Tupe neno, binti!"

"Ahsante, mzee. Mchezo wenu nimeupenda, na mie naomba nitaje sifa moja. Wasimame wale ambao baba, mama au babu zao walisoma hapahapa."

Pellworth ni chuo cha adabu: ukitajwa, unasimama. Viti vikagonga safu baada ya safu, hata waliobaki wamekaa wakawa kama meno ya mtoto wa miaka sita, moja huku, moja kule. Mfuga nyuki alikuwa wima. Golikipa naye wima.

"Kumbe," Darla akasema, bila kinyongo, "aliyeniambia nafasi zimejaa hakuongopa. Zilijaa tangu enzi za babu zenu."

Marjorie akayafikiria maegesho, akaifikiria theluji. Lakini watu walikuwa wamesimama, na desturi ni desturi. Akaanza kupiga makofi, peke yake. Wale wachache waliokaa wakamdakia.

Dakta Lathrop, ambaye picha za baba yake na babu yake zilining'inia ukutani juu ya utosi wake, ndiye pekee aliyetamani sana kuketi. Akageuka huku, akageuka kule. Mwenye kuhutubia hawekewi kiti.