Mtaalamu wa Keki Aliyeungua Ulimi

Jumatano, tarehe 4 Machi

Habari njema! Dada amesema Ijumaa tutatoka, mimi na yeye tu, tuzunguke mjini kuonja vitu vitamu na kumalizia kwa chai ya alasiri hotelini. Eti anataka kujua wenzake wanauza nini kabla hajafungua mgahawa wake wa chai Jumapili. Mumewe hatakuja. Shemeji Tai hatakuja. Nimechaguliwa mimi!

Nieleze kidogo. Dada ni mkubwa wangu, na ndiye aliyenilea Mama alipokuwa kazini. Anaoka keki tangu sijaota ndevu. Sasa amepanga chumba karibu na posta, meza sita, mapazia mapya, kibao kimeshachorwa. Anahitaji meneja. Tunaoutaka umeneja ni wawili. Mimi, fundi makochi, mtu wa vipaji. Na Shemeji Tai, mdogo wa mumewe, ambaye sifa yake kubwa ni tai. Anaivaa hata akienda kunyoa.

Kiti cha meneja nimeshakitengeneza. Ngozi nyeusi, sponji nzito, kinazunguka. Mke wangu aliuliza ni cha nani. Nikamwambia ni cha mwenye bahati yake. Akasema haya, akarudi kwenye sufuria zake.

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Nimesoma kutwa. Kwa kinyozi kuna jarida la zamani lenye makala kuhusu waonjaji wa chai. Kinyozi alikataa kuniazima, ikabidi nikae kwenye kiti aninyoe tena ili nimalize ukurasa wa mwisho. Sasa sina nywele, lakini elimu ninayo.

Nimejifunza kwamba mtaalamu hasemi “tamu”. Husema “utamu wenye adabu”. Au “ladha inayochelewa kuaga”. Chai nayo hainywewi kama tunavyokunywa sisi. Inavutwa kwa nguvu pamoja na hewa, ipande mpaka puani. Nimefanya mazoezi kwa maji. Mke wangu amekuja mbio akidhani nimepaliwa.

Mchana Shemeji Tai alipita karakana. Akasema amesikia ninakwenda kula keki za bure. Nikamjibu kwamba mimi sili, ninaonja. Akasema tofauti ataiona kwenye tumbo langu. Jibu zuri sana lilinijia, lakini alikuwa ameshafika kona.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Siku ya aina yake! Naandika huku nimeweka kipande cha barafu mdomoni.

Tulianzia duka la peremende. Dada alichukua tofi ya nazi, akaigawa, akanipa mimi kwanza. Kwanza! Utotoni mgawaji alikuwa yeye, na alijua kujipenda. Halafu akanitazama nikitafuna, jicho halipepesi, kama fundi saa aliyeinamia saa. Nikafumba macho. Nikasema: utamu wenye adabu. Ukweli ni kwamba ilinigandisha meno, ya juu na ya chini yakawa kitu kimoja. Dada akaonja yake, akasema ni kweli, adabu ipo.

Nilishtuka. Dada hajawahi kukubaliana nami. Nikisema mvua itanyesha, anaanika nguo.

Tukaingia duka la mikate. Keki ya chokoleti. Nikasema ladha yake inachelewa kuaga. Akakubali. Biskuti ya karanga. Nikasema ina ukimya fulani. Akakubali! Nikaamua kumpima kwa upuuzi wa wazi. Nikasema hii keki ya tangawizi ina hasira. Dada akafikiri, akasema ndiyo, lakini si hasira nyingi. Kichwa kikanivimba. Njia nzima nilikuwa nakiona kile kiti kinazunguka, mimi nikiwa juu yake.

Hotelini tukakaa dirishani. Makochi mazuri, ila langu sponji ilikuwa imekufa upande mmoja, nikamnong'oneza Dada. Mhudumu akaleta birika na zile sahani za ghorofa tatu: chini biskuti, katikati vikeki, juu vitu vya krimu ambavyo hata majina yake siyajui. Nikaona wakati wa kuvuta chai umefika. Nikavuta kwa nguvu zote.

Chai ilikuwa ndiyo kwanza imetoka jikoni. Mama yangu! Ulimi, kaakaa, koo, vyote moto. Machozi yakanilengalenga. Nikajikausha, nikasema chai hii ina msisimko. Dada akasema hata yeye ameuona.

Tangu hapo sikusikia ladha ya kitu. Ni kama nilikuwa natafuna blanketi. Lakini mtaalamu harudi nyuma. Nikachukua kikeki cha manjano, nikakitafuna, nikakitazama rangi, nikatangaza kwa sauti ili na meza ya jirani wafaidike: limau, tena limau lililoiva. Dada akala chake. Akasema ndiyo, limau, labda wamezidisha kidogo.

Mhudumu alikuwa bado amesimama na birika. Akainama kwa heshima, akasema samahani wakubwa, hicho ni cha ndizi.

Ndizi! Limau na ndizi hazijawahi hata kusalimiana. Nikasubiri Dada anicheke. Namjua, angenicheka mpaka mwaka mwingine. Hakucheka. Aliweka uma chini, akakitazama kitambaa cha meza.

Akaniambia yote. Tangu ile homa ya mwezi uliopita hasikii ladha. Wala harufu. Chumvi, sukari, limau, sabuni, kwake vyote ni kimoja. Daktari amesema huenda ikarudi, huenda isirudi, asubiri. Naye maisha yake yote hajawahi kupima kwa kikombe wala mizani. Anaoka kwa kuonja, kama Mama. Mumewe hajui, kwa sababu angemwambia aufunge mgahawa kabla hajaufungua. Na Jumapili watu watakuja. Keki ya kwanza ikiwa mbaya, nani atarudi kula ya pili? Amesubiri mgahawa huu tangu anaolewa. Usingizi umemhama.

Nikamuuliza kwa nini basi alinileta mimi badala ya Shemeji Tai. Niliuliza kikawaida tu, lakini moyo ulikuwa unadunda. Akasema Shemeji Tai hata umlishe mchanga atasifu, na uso wake hautabadilika. Lakini mimi! Maneno yangu, akasema, hajayasikiliza tangu nikiwa na meno ya utoto. Anachotazama ni uso. Uso wangu haujui kudanganya. Kwa ile tofi, nyusi zilipanda zikagoma kushuka. Kwa chokoleti, masikio yalisogea. Alipata kila alichokitaka. Mambo ya adabu na hasira aliyaacha yapite.

Nilitaka kuudhika. Nikashindwa. Katika watu wote alionao, Dada amenichagua mimi niwe ulimi wake. Dada huyu aliyekuwa ananipulizia uji upoe. Nililia kidogo, na si kwa sababu ya kuungua.

Halafu ikabidi nimweleze habari za ulimi wangu. Kwamba tangu ile chai na mimi sisikii kitu. Akanitazama. Nikamtazama. Ndugu wawili, meza imejaa keki, ulimi hakuna hata mmoja! Hapo ndipo alipocheka. Tulicheka mpaka mhudumu akatuletea maziwa baridi bila kuombwa, Mungu ambariki. Tukazila zile ghorofa zote hivyohivyo, bila kujua tunakula nini, na sijui kama nimewahi kufurahia chai namna ile. Kuwa na dada ni neema, jamani.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Ulimi bado ni ubao. Nimeramba jemu, hakuna. Nimeramba kitunguu, hakuna. Kesho ndiyo kesho, na ulimi pekee wa Dada uko mdomoni mwangu, nao umelala. Mke wangu anataka kujua kwa nini ninaramba vitu. Nimemwambia ni siri ya familia. Akaniuliza yeye ni familia ya nani.

Shemeji Tai amekuja kuuliza kama Dada ametaja meneja. Nikamwambia mimi nimepewa cheo kikubwa zaidi, ila hakisemwi. Akasema cheo kisichosemwa na kisichokuwepo ni mtu na ndugu yake. Nikanyamaza. Kwa ajili ya Dada nilinyamaza, na sijui kama nimewahi kufanya jambo gumu kama hilo.

Jioni nimejaribu asali. Nimeisikia! Mbali, lakini nimeisikia. Nikampigia Dada simu. Akasema asante, mdogo wangu, kwa sauti ambayo sijaizoea. Halafu akaamrisha nisiguse kitu cha moto, hata supu.

Jumapili, tarehe 8 Machi

Alfajiri nilikuwa jikoni kwa Dada. Keki za kwanza zilikuwa zimeshatoka kwenye oveni. Zimeumuka vizuri, rangi yake ya kuvutia. Dada amevaa aproni mpya na macho yamemvimba. Akanipa kipande.

Nami nilikuwa nimeshaamua. Liwe liwalo, nitasifu. Siwezi kumvunja moyo siku kama ya leo. Nikatafuna, nikameza, nikasema safi sana Dada, haina mfano wake.

 Dada alibeba sinia nzima, keki zote akazimwaga kwenye ndoo ya taka.

Eti jicho langu la kushoto lilijifumba lenyewe na mdomo ukaenda pembeni. Akauliza kama ni chumvi. Nikasema hapana. Mdomo ukaenda pembeni tena. Kumbe makopo mawili yanafanana, na kwa haraka ya alfajiri lile la chumvi lilifanya kazi ya sukari.  Kama ningekuwa na uso wa Shemeji Tai, keki zile zingefika mezani!

Akaanza upya. Alikuwa ananilisha kijiko kimoja kimoja cha mchanganyiko, huku macho ameyakaza usoni pangu. Anaongeza sukari, ananitazama. Anaongeza tena.  Mara nikatabasamu bila kujijua, akageuka akautia mchanganyiko kwenye vyombo. Alikuwa anaimba.

Watu walikuja! Meza sita zikajaa, wengine wakanywa chai wamesimama. Muuguzi mmoja mstaafu aliomba kipande cha pili, kisha cha tatu cha kupeleka nyumbani, kisha akakila palepale. Mume wa Dada alitembeza vikombe akijisifu utadhani ameoka yeye. Watu walipopungua Dada alimvuta pembeni akamwambia ukweli. Nilijisogeza nisikie. Hakufoka. Alisema tu kwamba angeambiwa mapema angekuwa ameyabadilisha yale makopo, akatoka kwenda kutafuta mengine ya rangi tofauti.

Umeneja amepewa Shemeji Tai. Ndiyo, amepewa. Alisimama mlangoni kukaribisha wageni, na kusema kweli tai ilipendeza. Kiti changu cha ngozi, nilichokileta mwenyewe, ameshakikalia. Anasema kimemponya mgongo. Mimi nimepewa kigoda kando ya oveni. Nilikuwa nimeanza kununa, midomo iko tayari, pale Dada alipokata keki ya mwisho na kuniletea kipande cha kwanza mbele ya watu wote. Akasema bila huyu leo msingekula kitu. Hakueleza zaidi. Shemeji Tai alibaki ananitazama mimi, kisha anakitazama kigoda.

Nashukuru. Nashukuru kwa kigoda, na kwa keki, na kwa sura hii niliyoumbiwa, ambayo nimeilalamikia maisha yangu yote. Dada ananihitaji. Sitataka makuu tena.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Nimelala nikalifikiria vizuri. Mtu mwenye cheo kama changu hawezi kuwa na uso ambao kila mpita njia anausoma. Wale waonjaji wa kwenye jarida wamepigwa picha, na nyuso zao ni kuta tupu. Huo ndio utaalamu. Dada ni mpole, hawezi kuniambia, lakini najua anaona aibu ninapopinda mdomo jikoni kwake. Na Shemeji Tai, ambaye kila mtu anamsifu kwa utulivu, ana nini ambacho mimi sina?

Asubuhi yote nimekaa mbele ya kioo cha kabati. Nimenyonya limau: uso umetulia. Nimeramba chumvi: umetulia, ukiacha ukope mmoja, na huo nimeushughulikia baada ya chakula cha mchana. Nimetafuna kidonge cha kwinini mpaka kikaisha. Hata sikio halikusogea! Mke wangu amesimama mlangoni muda mrefu, kisha akauliza kama Dada anajua ninachofanya. Nimemwambia asithubutu kumwambia, ni zawadi.

Kesho Dada ana keki ya harusi, ya ghorofa tatu, na ukumbi mzima unaisubiri. Atanilisha kijiko, atanitazama usoni, na hataona chochote. Furaha atakayokuwa nayo!