Mieleka Kwenye Ntheo Yangu

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, na suti nilikuwa nimevaa. Tena ya kuazima.

Songeeni nikae. Na asicheke mtu kabla sijamaliza. (Kimeu, nimekuona.)

Si mnajua leo nilikuwa napeleka ntheo Matiliku, kwa akina Mwikali? Mbuzi watatu, majike wawili na beberu mmoja, nimewatafuta tangu mavuno. Na kwetu Ukambani mambo ya ntheo hayana kona. Mbuzi wakipokelewa, beberu achinjwe, tumle pamoja, basi Mwikali ni wangu. Wakikataliwa, narudi nao nikiwavuta kwa kamba katikati ya Matiliku, na leo ilikuwa siku ya soko. Kwa hivyo nilienda nikiwa na adabu zangu zote.

Baba mdogo Ngui ndiye alikuwa msemaji wetu. Njia nzima alikuwa ananionya. Usiongee. Ukiulizwa, jibu kidogo. Na zaidi ya yote, usielekeze macho jikoni, mama mkwe yuko huko. Siku hizi wengine wamelegeza, wameokoka, wanasalimiana na mama mkwe kama wanakwaya. Kwa akina Mwikali sivyo. Pale nthoni inafuatwa kama zamani: wewe na mama mkwe hamtazamani, hamsalimiani kwa mkono, mkikutana njiani kila mtu anapita kichaka chake. Nikamwambia baba mdogo asiwe na wasiwasi, mimi si mtoto.

Tukafika. Mbuzi wakafungwa kwenye mchungwa. Viti vilikuwa vimepangwa uani, karibu na tangi la maji ya mvua. Tukaombewa, tukapewa soda. Baba mdogo akaongea vizuri sana, hata mimi nikajiona mtu wa maana. Baba yake Mwikali, Mzee Mutiso, akawa anatikisa kichwa kuonyesha amekubali. Kilichobaki ni kutoa kisu tu. Kisu tu, jamani!

Ndipo mzee akanigeukia. Akasema amesikia mimi ni mtu wa mieleka.

Baba mdogo akanikanyaga mguu. Nikasema, "Kidogo, mzee." (Kidogo! Mimi ambaye kiti changu pale kwenye chumba cha vidio, mjini Wote, hakuna anayekikalia hata nikiwa mgonjwa.)

Kumbe mzee naye ni mgonjwa wa mieleka kuliko mimi. Ana televisheni yake, anaiwasha kwa betri ya gari, na zile kaseti tukishazichosha hapa Wote zinaenda kwake. Akaniuliza, kwa sauti ya mwenyekiti wa kamati ya kanisa, mwaka huu nimeona pambano gani zuri na gani bovu.

Sasa mtu wa akili angejibu kwa neno moja. Lakini mwaka huu umenichoma roho, nyinyi mnajua. Nikaanza na mabaya. Nikamwambia juu ya yule bingwa mwenye nywele za dhahabu, aliyeshika mkanda mwaka mzima kwa kukimbia. Anachapwa kidogo, anatoka ringini, anapitia katikati ya watu, ameenda! Mkanda bado wake! Nikamwambia juu ya refa. Mtu anapigwa kiti cha chuma kichwani, refa ameinama anafunga kamba ya kiatu. Kazi yako ni kuangalia tu, na kuangalia kumekushinda! Mzee akapiga paja. Akasema huyo refa akija Matiliku hatapata hata maji ya kunywa.

Halafu tukafika kwa lile zuri. Kifaru na Shati Nyekundu. (Majina yao ya Kizungu hatujawahi kuyaweza, na mzee naye anawaita hivyo hivyo.) Kila mtu anajua lilikuwa ndilo pambano la mwaka. Na kila mtu anajua ndilo lililotutesa kushinda yote, maana mwenye kaseti alirekodi harusi ya dada yake juu yake. Kifaru amemlaza Shati Nyekundu chali, amepanda kona, ameinua mikono juu, mara bibi harusi huyo, anakata keki! Mzee akasema tangu siku hiyo hajapata amani. Amemuuliza kila anayetoka Wote nani alishinda, na kila mtu anamwelezea keki.

Hapo ndipo nilipojiponza. Nikasema mimi nililiona lote. Binamu yangu wa Machakos ana kaseti safi, haina harusi ndani.

Mzee akavuta kiti mpaka magoti yetu yakagusana. Akauliza nani alishinda. Nikasema Kifaru.

"Aliruka?"

"Aliruka, mzee."

"Simama unionyeshe."

Baba mdogo akakohoa. Akakohoa tena. Mimi nikajiambia, huyu ndiye anayetoa binti, akisema simama, wewe ni nani ukae? Kabla sijavua koti, kaka yake Mwikali, Nzioka, jitu zima, alikuwa ameshalala chini kando ya tangi, amepanua mikono, amekuwa Shati Nyekundu. Hakuna aliyemwomba! Nikapanda juu ya ule msingi wa saruji wa tangi. Nikainua mikono. Na kwa sababu kutoka pale juu jiko lilikuwa linaonekana lote, nikageuza uso upande mwingine, kama nilivyofundishwa. Nikaruka.

Sasa sikilizeni vizuri. Mama mkwe alikuwa anakuja kuteka maji kwenye tangi. Na kwa sababu mkwe yuko uani, alikuwa amejifunika leso kichwa na uso, anatazama vidole vyake vya miguu. Nzioka alimwona mamake akikaribia kumkanyaga, akabingirika kando kumpisha. Hakusema neno. Alibingirika tu! Yaani mama hakuniangalia kwa heshima, mimi sikumwangalia kwa heshima, na heshima zetu zote mbili zikakutana chini, na ndoo juu.

Hakuumia, Mungu ni mwema. Lakini nilikuwa nimemlalia mama mkwe. Kifua kwa kifua. Mbele ya wazee. Siku ya ntheo.

Na mnadhani mzee alifanya nini? Alikuja kuniinua? Alipiga goti, akapiga kofi chini na kuanza, "Moja! Mbili!" Kwenye tatu mkono ukabaki hewani. Akaangalia aliyelala pale. Akaangalia mkono wake. Akainuka polepole na kujifuta vumbi kwenye magoti.

Wanawake wakaja wakamwinua mama, wakamwingiza ndani. Wazee wao wakafuata. Sisi tukaachwa na soda zetu. Baba mdogo hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniogopesha. Aliniambia tu nivae koti, nikafungue mbuzi polepole, tusubiri kufukuzwa tukiwa tayari. Nikashika kamba ya beberu. Niliwaza Mwikali, jamani. Miaka yote ile, nampoteza kwa sababu ya Kifaru, mtu ambaye hata jina lake halisi silijui!

Akatoka Mwikali mwenyewe. Macho mekundu, mdomo ameufunga kabisa. Akasimama mbali, akaongea na baba mdogo kana kwamba mimi ni mti.

"Mama anasema mbuzi wasifunguliwe. Amewapokea."

Nilikaa chini.

"Na anasema Baba alianza kuhesabu bure. Bega la Mama la kushoto halikugusa chini, na mtu hahesabiwi mpaka yaguse yote mawili."

Nzioka ndiye aliyenieleza baadaye. Kumbe mama huwa anakaa mlangoni akichagua maharagwe, ameipa televisheni mgongo, na hakuna pambano linalompita. Kumbe nimeoa kwenye nyumba ya wagonjwa watupu.

Basi beberu akachinjwa. Mkitaka kupiga makofi pigeni sasa, kwa sababu kuna kilichobaki. Wazee wakasema nthoni imevunjwa, na mwenye kuivunja hawezi kukaa kwenye boma hilo mpaka alete mbuzi mwingine wa kuondoa kosa. Hawakukasirika, walisema kwa upole kabisa. Nikatolewa nje ya lango. Ndani wanaomba, wanakula, wanacheka, namsikia baba mdogo akisifiwa kwa maneno yake mazuri. Mimi nikaletewa mfupa na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, kwenye sahani, nikala nimesimama barabarani, na suti ya watu, watu wa soko wakinisalimia.

Kwa hivyo nimeposa, ndiyo. Watu wote walikuwa kwenye posa yangu isipokuwa mimi.