Magauni Manne Yaliyopunguzwa Kiuno

Kwa Daktari wa Kliniki ya Uzito,

YAH: OMBI LA KURUDISHIWA MKE WANGU KATIKA VIPIMO VYAKE VYA AWALI

Shikamoo Daktari, ingawa umri wangu umekuzidi. Koti jeupe naliheshimu. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kinatazamana na geti lenu, na kilo zangu mnazo kwenye faili: mia moja na nne. Sina ugomvi na mtu. Nina malalamiko manne tu, na nayaandika nikiwa na njaa, kwa hiyo tuvumiliane.

1. Mimi nilihudhuria somo lako la Jumanne. Ukatuambia tule kama kawaida ila tupunguze robo ya chakula na tuhesabu kalori. Mke wangu akahudhuria Alhamisi kwa muuguzi, akaambiwa afunge, ale kati ya saa sita mchana na saa mbili usiku tu. Nyumba moja, jiko moja, sheria mbili! Nilipokuja kuuliza ipi inapunguza mwili zaidi, mkajibu kwamba matokeo yanakaribiana. Nikauliza ipi inazuia saratani. Mkasema utafiti unaendelea, ila kupunguza mafuta mwilini kunasaidia. Daktari, mteja akiniuliza kama suruali itamkaa, nami nimjibu kwamba utafiti unaendelea, si atachukua kitambaa chake aende zake?

2. Asubuhi nikinywa chai yangu iliyopunguzwa robo, mke wangu ambaye bado amefunga huniangalia kama nimemwibia. Saa sita ikifika anajipakulia sahani iliyojaa, nami napewa changu kwenye kisosi. Kisosi, jamani! Juzi niliyahesabu maharage yangu. Yalikuwa thelathini na moja, na moja lilikuwa limepasuka.

3. Kwa kuwa mimi ni mtu wa kufuata maagizo, niliamua kutii masomo yote mawili. Kuanzia saa sita hadi saa mbili usiku nafuata la muuguzi, ambalo halikutaja kiasi: nikimaliza kisosi cha nyumbani naenda kwa mama ntilie, nakula mpaka mkanda unalia. Nje ya saa hizo nafuata lako, ambalo halikutaja saa: nakula kidogo kidogo. Nimetii wiki sita bila kukosa hata siku moja. Nimeongezeka kilo tatu. Naomba maelezo ya maandishi.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Mke wangu anakonda. Katika wiki hizo sita nimempunguzia magauni manne kiuno, na la tano liliwekwa mezani kwangu jana. Majirani wanampongeza. Mimi nimeshindwa. Mwaka juzi kaka yangu, seremala, alianza kukonda hivi hivi, na ni mimi niliyekuwa nikimpunguzia suruali. Nilimtania kwamba ujana umerudi, nikamwita bwana harusi, naye akacheka. Kumbe ilikuwa saratani ya utumbo. Suruali ya tatu sikuimaliza. Ipo kwenye droo mpaka leo na pini zake. Sasa nikishika gauni la mke wangu napima mara tatu kabla ya kutia pini. Tepu inaniambia amepungua inchi mbili, lakini haisemi kwa nini. Naogopa, Daktari, na sioni haya kuandika.

Kwa hiyo naomba mke wangu apigwe marufuku kukonda, arudi kwenye vipimo nilivyoviandika daftarini, ukurasa wa kumi na tisa. Ikishindikana, kila anayekonda kwa kufunga apewe cheti chenye mhuri, nikishone kwenye gauni mbele, kila mtu akione. Hilo nalo likishindikana, kliniki ihame mtaa.

Nisalimie muuguzi, sina kinyongo naye. Nisalimie na yule mama wa mizani, na mlinzi wa geti anayeniita Bonge kila nikifungua kibanda, mwambie nimemsikia.

Wako, mtiifu wa masomo mawili,
Fundi wa Mbele ya Geti

Nyongeza: Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea mke wangu barua hii anirekebishie lugha. Alicheka mpaka akashika mbavu, lakini kufika namba nne akainuka. Akaenda kuleta kadi yake ya kliniki. Kumbe mnampima kila Alhamisi, damu yake mmeiangalia, na anakonda kwa sababu anafunga, basi. Halafu akanikalisha chini, akaniambia kwamba namwogopea mtu siye: marehemu alikuwa kaka yangu, si wake, tumbo lile ni la ukoo wetu, na tangu tumzike sijakanyaga mlango wa kupima utumbo. Yeye amefunga wiki zote hizi akitumaini nitaona wivu nimfuate Alhamisi, nami nipimwe.

Basi malalamiko yote yafutwe, na kliniki ibaki palepale. Gauni la tano nimelimaliza. Alhamisi hii tutakuja wote wawili. Niandikieni kipimo cha utumbo, na pale mnapouliza nani katika ukoo amewahi kuugua, mwandikeni kaka yangu.

Ila namba tatu niliiruka wakati namsomea mke wangu. Tukija, naomba kilo zangu zitajwe kwa sauti ya chini.