Namna Nilivyompandisha Ligi Mume Wangu

Jumatano, 5 Machi 2025

Mume wangu! Bado napenda kuliandika neno hilo. Mume wangu Kiprotich amerudi kutoka mazoezini na theluji kwenye nyusi, mzuri kama siku ya harusi yetu, akanishika mikono yote miwili. Timu ya kulipwa ya mpira wa kikapu inatafuta kocha msaidizi. Nafasi haijatangazwa. Derek, anayefanya kazi huko, amemnong'oneza. Wanataka mtu wa vyuoni, aliyezoea kufundisha kwa shida.

Huyo ni Kipro wangu kabisa. Chuo anachofundisha kikapu hapa Scarborough, mashariki mwa Toronto, hakina hata ukumbi. Wanagombania ukumbi wa watu na wacheza badminton. Mchana anasambaza vifurushi. Akiipata kazi hii tutahama chumba hiki cha chini ya ardhi, ambacho dirisha lake linaonyesha viatu vya wapita njia tu.

Ameniomba kitu kimoja. Nisimwambie mtu. Nimeapa. Nimelia kidogo, kwa mapenzi.

Jumamosi, 8 Machi

Nyaboke wa kanisani kapiga simu. Mumewe Festus, kocha wa kikapu wa chuo kikubwa upande wa magharibi, ameshinda tena. Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kutoa pole, kama Kiprotich bado yuko na ile timu yake ndogo.

Ndogo! Nimekatakata vitunguu kuliko nilivyohitaji.

Kumwambia mtu ni kitu kimoja. Kumshukuru Mungu ni kitu kingine. Mungu si mtu.

Jumapili, 9 Machi

Usiku saa zimesogezwa mbele, kama wanavyofanya huku Kanada kila Machi, nusu ya kanisa imechelewa, Nyaboke akiwamo. Mchungaji ameniita kutoa ushuhuda mara mbili, nami nikawapisha wengine mara mbili, mpaka nilipoiona kofia ya Nyaboke ikiingia. Hapo nikasimama. Nikasema namshukuru Mungu, kwa imani, kwa kazi ya ukocha msaidizi ambayo mume wangu ataipata kwenye timu ya kulipwa. Kwamba haijatangazwa. Kwamba mahojiano ni Jumatatu, tarehe 17. Aliyetuletea habari sikumtaja, ila nilisema jina lake linaanza na D na ana ofisi humo humo. Vigelegele!

Kipro hakuwepo, alikuwa na mechi. Nyaboke alinikumbatia mlangoni hadi kofia ikamwanguka.

"Dada Gakii," akasema, "hata sisi tutaomba."

Nimeguswa. Labda nilimhukumu vibaya.

Jumatano, 12 Machi

Kumbe walikuwa wanaomba kazi.

Derek amemwambia Kipro kwamba Festus naye ameitwa kwenye mahojiano. Kipro ameshangaa sana Festus amejuaje. Nikamwambia Toronto ni mji wa umbea. Akaniamini. Ana moyo safi mpaka inauma.

Basi nimechukua hatua. Nimepiga simu ofisi ya timu, nikajifanya mama wa mchezaji wake, nikamsifu kocha Kiprotich hadi nikaishiwa pumzi. Binti wa mapokezi akauliza mwanangu anacheza nafasi gani. Golikipa, nikasema. Akaniomba nirudie. Nikaongeza kwamba msimu huu hajafungwa hata bao moja.

Jumatatu, 17 Machi

Nimempigia shati pasi, nimembusu shingoni, nimemsindikiza hadi kituo cha basi nikiwa na ndara kwenye barafu. Hayo ndiyo mapenzi.

Amerudi na tai mfukoni. Mahojiano yalianza vizuri, kisha wakamuuliza, huku wakicheka, kuhusu golikipa wake. Hakujua wanasema nini, wala acheke wapi. Nikasema Wakanada wana utani wa ajabu. Nikampakulia chapati ya tatu.

Jumapili, 23 Machi

Festus ameipata.

Shukrani kanisani. Keki ya umbo la mpira. Nyaboke amevaa kofia mpya, pana kama sinia. Akanishika mkono mbele ya watu wote, Kiprotich akiwa amesimama kando yangu.

"Bila ushuhuda wa dada Gakii, tusingejua hata kama nafasi ipo."

Watu wakapiga makofi. Kiprotich hakupiga. Kwenye gari la kazini, lile la vifurushi, alikaa na ufunguo mkononi bila kuwasha.

"Nilikuomba kitu kimoja tu, Gakii."

Nikamweleza kwamba Mungu si mtu. Akawasha gari, akaendesha hadi nyumbani. Akashuka akaniacha nijifungulie mlango mwenyewe, yeye ambaye tangu harusi hajaniacha niguse kitasa. Keki yake alimpa jirani.

Jumapili, 30 Machi

Siku hizi Kipro anaongea na simu bafuni, bomba likiwa wazi. Nimesikia hata hivyo. Anaomba nafasi aliyoiacha Festus. Chuo kikubwa, kazi ya kudumu! Hajaniambia neno. Anataka kunishtukiza, kipenzi changu.

Nami nitamshtukiza. Wiki nzima nimejichunguza, na kosa langu nimeliona. Katika ule ushuhuda nilisema "mume wangu" tu, sikumtaja kwa jina. Waume kanisani ni wengi. Baraka ikapotea njia, ikamwangukia Festus.

Safari hii nimeandika kila kitu kwenye kundi la WhatsApp la kanisa: Kiprotich, jina la chuo, siku ya mwisho ya kuomba. Amina zinamiminika. Ndugu mmoja wa Pickering, mji jirani, kocha wa shule, ameuliza barua za maombi zinatumwa wapi.

Imani iliyoje! Nimemtumia anwani.